Tulivyolikata Mdomo Debe la Kanisa

Safari ya kwenda kwenye kazi ile ilinichukua siku tatu kutoka Masasi, na kila kituo niligombana na kondakta kwa sababu ya sanduku langu. Lilikuwa sanduku la mbao, dogo kuliko begi la mwanafunzi wa bweni, lakini hakuna aliyeweza kulitupia kwenye buti bila kuguna.

"Kaka, umebeba mawe humu?" aliniuliza kondakta wa basi la Dar es Salaam.

"Ndiyo, mawe," nikamjibu.

Akadhani namdhihaki, akalisukuma sanduku mpaka miguuni pangu. Sikuwa namdhihaki. Nilikuwa fundi mizani, na ndani ya sanduku kulikuwa na mawe ya kuhakikia: vipande vya chuma vya kilo moja, mbili, tano na kumi, vilivyopimwa na kugongwa muhuri. Fundi huyapanga juu ya mizani ya mteja ili kuiuliza kama inasema kweli.

Dar es Salaam niliulizia basi la kwenda Malindi. Mkata tiketi akaniangalia kuanzia viatu. "Malindi ni Kenya, kaka. Pasi unayo?" Nikamwonyesha barua ya mchungaji aliyeniita. Akaisoma, akacheka. "Aa, Malindi ya Usambara, kwa wagosi, Wasambaa! Panda la Lushoto, ukifika mwisho uliza tena."

Kutoka Mombo basi lilianza kupanda, na kila kona sanduku lilihama upande mmoja wa basi kwenda mwingine kama mlevi anayetafuta mlango wake. Abiria wakaanza kuliamkia. Mama mmoja kila likipita alilikwepeshea miguu akisema, "Pita, mzee, pita." Nilicheka mpaka nikasahau masikio yaliyoziba kwa ule mwinuko. Lushoto mjini nililala nyumba ya wageni, asubuhi nikapata nafasi kwenye pikapu iliyokuwa inarudi Malindi na magunia matupu, nikafika mbele ya kanisa katikati ya ukungu, nimevaa shati la mikono mifupi nililovaa Masasi.

Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa mzee mwembamba mwenye koti zito na buti za mpira. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Sweta liko wapi?"

"Sina."

"Basi hujafika bado," alisema, akavua koti lake akanivisha. Huyo alikuwa Mzee Hoza, mzee wa kanisa na mtunza stoo ya usharika. Nilikuwa nimeitwa kwa kazi ya miezi mitatu. Nilikaa miaka minne, na sehemu kubwa ya sababu ni yeye na debe lake.

Nayaandika haya kwa sababu vijana wa usharika ninakosali sasa waliniuliza kanisa linawezaje kutetea haki za watu mahali lilipo. Mimi nimeishia kidato cha nne, na semina za mambo hayo sijawahi kuhudhuria. Najua mizani tu. Nitawaeleza nilichokiona kupitia mizani.

Ufundi huu nilijifunza Dodoma, katika karakana ya mtu tuliyemwita Fundi Mkuu, ambaye hakuwahi kumsifu mwanafunzi hata mara moja. Kila asubuhi, kabla hatujagusa mizani ya mtu yeyote, alitupanga tupime mawe yetu wenyewe kwa jiwe moja la shaba alilolifunga kwenye kitambaa. "Ukianza na mizani ya mwenzako," alikuwa akisema, "wewe ni mpelelezi. Anza na mawe yako, ndipo uwe fundi." Wakati ule niliona anatupotezea muda wa chai. Kutoka kwake nilikwenda Shinyanga kwenye pamba, kisha kusini kwenye korosho, kwa sababu mimi miguu yangu haitulii. Nikikaa mahali misimu miwili naanza kuota barabara. Kusini niliacha kazi siku ambayo msimamizi wa ghala moja alinitaka niifundishe mizani kusahau kilo mbili. Wiki ileile barua ya mchungaji wa Malindi ilinifikia, kupitia kwa mtu aliyenifahamu na aliyekuwa amesoma na mchungaji huyo.

Siku yangu ya kwanza kazini, Mchungaji alinipeleka stoo akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na mizani ya jukwaa, ile yenye bamba la chuma la kusimamishia mzigo na mkono wa shaba juu, ambao kijiwe kinateleza juu yake mpaka mkono utulie. Kiwanda kimoja kilichofungwa kiliwapa. Kutu ilikuwa imeiingia mpaka kwenye visu. Visu ni vile vipande vya chuma vyenye makali ambavyo mkono unabembea juu yake. Vikibutuka, mizani inakuwa mvivu wa kusema.

"Fundi," alisema Mchungaji, "unaijua lumbesa?"

Nilikuwa nimeiona njiani. Gunia la lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha juu yake kikaongezwa kilemba cha kabichi au karoti kilichofumwa kwa kamba na majani, mpaka gunia likawa na kichwa kama mtu. Mnunuzi anayekuja na lori analihesabu gunia moja. Aliyelilima na kulibeba mgongoni kutoka bondeni anajua ni gunia na nusu.

"Nimehubiri juu ya lumbesa Jumapili tatu mfululizo," aliendelea. "Watu wanaitikia amina, Jumatatu wanajaza lumbesa. Wafanyeje? Asiyejaza, lori linamruka. Nimechoka kusema peke yangu. Nataka mizani iseme."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa: kuifufua mizani, kuiweka uwanjani mbele ya kanisa ambapo malori husimama, na kumfundisha mtu wa pale aitunze nikiondoka. Mtu huyo alikuwa Mzee Hoza. Mwanafunzi mgumu kuliko yeye sijapata, wala mwaminifu kuliko yeye. Nikimwambia panguza kisu mara mbili, anapanguza mara sita. Alikuwa ametunza stoo ya usharika tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumsikia amechukua hata punje.

Usharika ulikuwa na shamba lake, zuri, karibu na kijito. Shamba hilo liligawanywa vipande, wakapewa wajane na watu wasio na ardhi ya kutosha. Walilima walichotaka, na kila msimu wa maharage kila mmoja alileta madebe manne kanisani kwa ajili ya kulisha wagonjwa na watoto wa chekechea. Debe, mnalijua, ni lile bati la lita ishirini. Mzee Hoza ndiye aliyepokea, kwa debe la kanisa, palepale stoo. Kanuni ya baraza la wazee ilisema atakayepunguza misimu miwili atakuwa amelidharau shamba, kipande chake apewe mwingine.

Siku yangu ya tatu nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye ngazi ya ofisi, kanga imemfunika mpaka shingoni kwa baridi, anamsubiri Mchungaji. Nikamwamkia. Akanijibu, kisha akaniuliza, "Wewe ndiye unayetibu mizani?"

"Ndiye, dada."

"Ungetibu na watu," alisema. Hakucheka.

Mzee Hoza alinieleza habari zake tukiwa ndani, kwa sauti ya chini. Aliitwa Mama Salome, mjane wa watoto watatu. Misimu miwili alikuwa ameleta maharage pungufu, matatu na nusu badala ya manne, na kila mara akaapa kwamba kwake yalikuwa manne. Jumamosi iliyokuwa inakuja baraza lingekaa, na shamba lake lingekwenda kwa mtu mwingine. Bila kipande kile hakuwa na mahali pengine pa kulima.

"Wengine je, hawapungukiwi?" niliuliza.

"Wengine wanakuja na mfuko wa kujazia," alisema Mzee Hoza. "Kila mtu anajua maharage hushuka njiani. Yeye tu ndiye mbishi. Nne ni nne, anasema. Tena msimu uliopita, mbele ya watu, unajua alisema nini? Alisema hii ni lumbesa ya kanisa."

Aliitamka kama mtu anayerudia tusi. Nikaelewa kwamba kosa la yule mama halikuwa maharage peke yake. Neno ambalo Mchungaji alilitumia kwa watu wa malori, yeye alilitumia kwa kanisa.

Siku ya tano mizani ilikuwa tayari. Nikaamua kumfundisha Mzee Hoza uzito wa chombo, maana yake kwamba unapima kwanza chombo kitupu, kisha kikiwa kimejaa, ukatoa cha kwanza kwenye cha pili, ndipo unaujua mzigo wenyewe. Somo hilo tunalifundisha kwa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hata asiye na mawe ya kuhakikia anaweza kuijaribu mizani yake. Nikamwomba chombo. Akaleta debe la kanisa, limeng'arishwa mpaka unauona uso wako.

Tukalipima tupu. Kilo moja kamili. Tukalijaza bombani mpaka mdomoni, tukalipandisha kwenye bamba. Nikasogeza kijiwe, nikasogeza tena. Mkono ulitulia kwenye ishirini na nne.

"Toa chombo," nikamwambia.

"Ishirini na tatu," alisema. Akainama, akaitazama mizani kama mtu anayemtazama mtoto aliyedanganya. "Mizani yako mbovu, fundi."

Nikashusha debe, nikapanga mawe, kumi na kumi. Mkono ukatulia kwenye ishirini, sawasawa.

Mzee Hoza alifikiri sana. "Basi ni maji," alisema. "Haya si maji ya Masasi, mgosi. Maji ya milima hii yanatoka kwenye mwamba. Ni mazito."

Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa na hakika kabisa. Na kwa namna alivyosema, ningekuwa sijasoma fizikia ya sekondari ningemwamini.

Sauti ikatoka kwenye ngazi. "Naweza kuleta langu?"

Alikuwa Mama Salome, amekuja tena kumsubiri Mchungaji, na alikuwa amesikia kila kitu. Hakungoja jibu. Alirudi na debe lake kichwani, kuukuu, lina mbonyeo mdogo ubavuni. Tukalipima tupu, tukalijaza kwenye bomba lilelile, maji yaleyale ya mwambani. Tulipotoa chombo tukapata ishirini, kasoro kidogo kwa ajili ya ule mbonyeo.

Nikapiga hesabu kwa kijiti kwenye udongo: madebe manne ya Mama Salome, ukiyamimina kwenye debe la kanisa, yanakuwa matatu na karibu nusu. Yaani ndivyo ilivyokuwa misimu yote miwili.

Mzee Hoza alilishika debe lake, akalipapasa tumbo. Kweli lilikuwa na tumbo, kila upande umetuna na kitako kimeshuka. Mtu aliyelizoea hangeona.

"Nani amelifanya hivi, mzee?" nikamuuliza.

"Mimi," alisema.

Alikaa chini kwenye ngazi, hatua mbili kutoka kwa Mama Salome. Akaeleza kwamba kila mwaka kabla ya mavuno alilipakata debe magotini, akaligonga kutoka ndani kwa nyundo ya mti, kuondoa kila mbonyeo. "Mbonyeo unapunguza kipimo," alisema. "Niliogopa tusije tukampunja Mungu." Kwa miaka yote ile kila kigongo kiliacha tumbo kidogo, na debe likanenepa bila mtu kujua.

Mama Salome alikuwa ameliinua debe lake kurudi kichwani. "Kumbe Mungu alikuwa akishiba," alisema, "na mimi nikiitwa mwongo." Akaondoka bila kumsubiri Mchungaji.

Jumamosi niliitwa barazani kama fundi. Wazee walinisikiliza, na katibu wa baraza, mtu mwenye busara zake, alitoa shauri la haraka. "Mama abaki na shamba lake. Tununue debe jipya. Hili litiwe shimoni. Yaishe." Wengine wakaitikia. Hata Mchungaji nilimwona anatikisa kichwa polepole kukubali, na nilimwelewa. Watu wa malori wangesema nini wakisikia? Alikuwa ameandaa vita vya lumbesa miezi mingi, na sasa lumbesa ilikuwa imekutwa stoo kwake.

Mchungaji akaniuliza, "Fundi, wewe unaonaje?"

Nilisema kitu pekee nilichokijua. "Nikikuta mizani mbovu dukani, Mchungaji, siitoi kwa mlango wa nyuma. Naikata lakiri mbele ya wateja." Lakiri ni ule muhuri wa risasi unaofungwa kwenye mizani iliyohakikiwa. "Waliopimwa kwa mizani hiyo ndio wanaotakiwa kuona ikikatwa. Yule mama hakuitwa mwongo barazani tu. Aliitwa kijiji kizima."

Katibu akasema mimi ni mgeni, nitaondoka na sanduku langu, wao watabaki na aibu. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ndipo Mzee Hoza akasimama.

"Debe ni langu," alisema. "Nitalitoa nje mwenyewe. Kesho."

Jumapili, baada ya ibada, watu walitoka nje kwa ule mnada wetu wa kawaida wa sadaka, ambapo ndizi, mayai na kuku waliotolewa hunadiwa uwanjani. Kabla ya kuku wa kwanza kunadiwa, Mzee Hoza alipita katikati ya watu na debe begani, amevaa suti yake ya Pasaka. Alilipima tupu. Akalijaza. Akasoma mwenyewe kwa sauti. Kisha akamwomba Mama Salome alete lake, na lenyewe likapimwa. Watu wakaanza kunong'onezana.

Nikamchorea mstari kwa msumari kuzunguka debe, pale lita ishirini zinapokomea. Akachukua mkasi wa bati, akakata mwenyewe. Ukanda wa bati ukatoka mzima, upana wake vidole vitatu. Akauinua juu.

"Huu ndio niliokuwa nawachukulia," alisema. "Sikujua. Lakini Mama Salome alijua, akaniambia, na mimi nikamwita mwongo. Mama, nisamehe." "Mchungaji, naomba niwekwe chini ya marudi."

Kwa wasiokuwa Walutheri, marudi ni kutengwa kwa muda. Mtu anakaa benchi la nyuma, hashiriki meza ya Bwana, hana kazi kanisani mpaka atakaporudishwa. Sijawahi kusikia mzee wa kanisa akiomba mwenyewe. Mchungaji akaanza kufunua kitabu chake cha sala.

"Mimi sikubali," alisema Mama Salome.

Watu wote wakageuka. Nadhani wengi walitegemea atasema adhabu haitoshi.

"Akikaa benchi la nyuma nitamwonaje?" alisema. "Mimi namtaka pale kwenye mizani, mbele, mchana kweupe, ninapomwona macho yake na namba zake. Msamaha nimetoa. Ila apime!"

Kicheko kilianza kwa wanakwaya, kikasambaa uwanja mzima, kikafuatiwa na vigelegele. Kina mama wenye vipande vya shamba, wale waliokuwa wanaleta mifuko ya kujazia, wakaanza kuitaja kwa sauti: yangu ilikuwa ya kilo kumi, yangu ilikuwa ya kanga nzima! Hawakuwahi kuambiana. Kila mmoja alidhani yeye peke yake ndiye ambaye maharage yake hushuka njiani. Baraza lilikaa palepale, chini ya ukuta wa kanisa, likaamua kwamba msimu ule hakuna mwenye kipande atakayeleta debe hata moja. Katibu mwenyewe ndiye aliyesoma uamuzi, na sauti yake ilikuwa na furaha. Ukanda wa bati Mchungaji aliutundika stoo, juu ya mlango, kila anayeingia aupite.

Wiki mbili baadaye tuliitoa mizani uwanjani. Mchungaji alikuwa ametangaza kanisani, na imamu wa msikiti wa bondeni alitangaza baada ya swala ya Ijumaa: siku ya gulio hakuna lumbesa, kila mzigo utapitia mizani ya kanisa, ya Mwislamu na ya Mkristo. Asubuhi ile foleni ilikuwa ndefu kuliko nilivyotegemea. Kulikuwa na karoti, kabichi, viazi, na kofia na vitenge vya kila namna. Magunia yote yalikuwa yamefungwa mdomoni, bapa, bila vichwa. Yalionekana kama watu waliovua mizigo.

Lori la kwanza lilikuja na dalali aliyejulikana kote kule. Dalali ni yule anayenunua kwa niaba ya mwenye lori. Alishuka, akatazama, akacheka.

"Haya magunia yamenyolewa? Mimi sinunui vipara."

"Pima, ununue kwa kilo," alisema Mchungaji.

"Mchungaji, wewe endelea na Biblia, mimi niache na biashara." Akapanda kwenye lori, akafunga mlango, akakaa. Alijua karoti zilizong'olewa alfajiri haziwezi kungoja mpaka kesho. Saa zikapita. Jua likatoka kwenye ukungu, na nikaona baadhi ya watu wanaanza kuangalia kamba zao, zile za kufumia vilemba. Kijana mmoja alikwisha kunja gunia la pili ili alikate, apate cha kuungia kilemba. Kama mmoja angejaza, wote wangejaza.

Dalali aliliona hilo, akashusha kioo. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mnasikiliza kanisa? Kanisa lenyewe lilikuwa na debe la lumbesa! Mnadhani sisi hatusikii? Waulizeni wajane wao!"

Yale tuliyoyaogopa barazani yalikuwa yametokea. Nikamtazama Mchungaji. Lakini Mzee Hoza alikwisha kuondoka kwenye mizani. Aliingia stoo, akatoka na ukanda wa bati mkononi, akaenda mpaka kwenye kioo cha lori.

"Ni kweli, kijana wangu," alisema. "Lilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nalo. Tumelikata mbele ya watu, na kipande ni hiki. Chukua, kishike. Sasa na wewe kata lako."

Dalali aliupokea ukanda kabla hajafikiri, kama mtu anavyopokea kitu anachopewa na mzee. Akawa nao mkononi hajui aupeleke wapi. Mama Salome, kutoka kwenye foleni, akapaza sauti: "Usiogope, dalali! Hakiumi! Mzee Hoza alikata akiwa na suti!"

Watu walicheka kicheko ambacho bado nakisikia. Hata dereva wa lori alicheka akiwa ameinamia usukani. Na mtu akishachekwa na dereva wake, hana la kufanya. Dalali alishuka. "Haya, haya, pimeni," alisema. "Wagosi mna maneno!" Lori la pili lilipofika, dereva alikuta foleni na mizani, akapanga nyuma bila kuuliza. Mama Salome alipimiwa karoti zake akiwa wa saba. Mzee Hoza alisoma namba kwa sauti, akamwangalia, na yeye akasogea akaisoma mwenyewe. "Sawa," alisema. Kwa miaka minne sikuwahi kumwona akiacha kusogea kusoma.

Vijana, mliniuliza kanisa lifanyeje. Nimefanya kazi mikoa mitano, nimeona makanisa mengi yakisema maneno mazuri juu ya haki, nami sidharau maneno. Lakini siku ile nilielewa Fundi Mkuu wa Dodoma alikuwa anatufundisha nini asubuhi zile zote. Kama debe lile lingetiwa shimoni kimya kimya, sauti ya dalali ingetumaliza. Hatukumshinda kwa sababu tulikuwa wasafi. Tulimshinda kwa sababu tulichokuwa tunamtaka afanye, sisi tulikwisha kukifanya, hadharani, na maumivu yake tulikuwa tunayajua. Kwa hiyo anzieni stoo. Mtafuteni yule ambaye kila mtu anamwita mbishi, mkae naye kwenye ngazi, mumsikilize. Mara nyingi ni yeye pekee anayehesabu sawasawa. Na haki mkishaipata, msiifungie kwa waumini wenu. Mizani ile ilimpima mtu wa msikiti na mtu asiyesali popote, na mkono wake haukujua tofauti.

Mimi sasa nimestaafu ufundi, nikiwa na miaka arobaini na saba, jambo linalowachekesha watu. Mizani za siku hizi zina tarakimu zinazowaka, zikiharibika zinatupwa. Naishi Muheza, nauza iliki na mdalasini sokoni, na kukiwa na hali nzuri ya hewa naiona milima ya Usambara ya mashariki, ambayo si yangu. Yangu ni ile mingine, nyuma yake. Miguu bado inawasha.

Ndiyo hiyo miguu iliyonitoa Malindi. Hakuna aliyenifukuza. Mzee Hoza alikuwa anaweza kuifungua mizani, kuisafisha visu na kuirudisha akiwa anasimulia habari, na mimi nilikuwa nimeanza tena kuota barabara. Asubuhi ya kuondoka nilimrudishia koti lake. Akakataa. Nilimwachia sanduku la mawe, maana mizani bila mawe ya kuiuliza husahau, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu nikawa nasafiri mwepesi.

Haukuwa wepesi wa muda mrefu. Mama Salome alikuja na kiroba kitupu na debe la maharage kichwani, maharage ya kipande kilekile cha kando ya kijito. Akakijaza kiroba mpaka mdomoni. Nikashukuru, nikanyoosha mkono kukifunga. Akanipiga kofi mkononi.

"Subiri, mdogo wangu."

Akatoa kamba na majani ya mgomba. Akaanza kufuma juu ya mdomo wa kiroba, akamimina, akafuma, akamimina, mpaka kikaota kilemba, kikubwa, kimesimama wima kama cha harusi. Nilikuwa sijaona kitu kile uwanjani pale kwa miaka minne. Wanakwaya waliokuja kuniaga wakashika vinywa.

"Dada, hii si lumbesa?"

"Lumbesa," alisema, akakaza fundo kwa meno. "Hii hainunuliwi."

Nikamtazama Mzee Hoza, mtunza mizani ya usharika, hatua tano tu kutoka kwetu. Alikuwa ametugeuzia mgongo, mikono nyuma, anautazama ukungu kwa makini sana, kama mtu ambaye hajaona kitu.